Zilizopendwa: Neno Linalozika Watu

Msomaji, nataka kugombana na neno moja. Sigombani na mtu, maana mtu hujibu, hukasirika, na pengine hushtaki. Neno hukaa kimya likaendelea na kazi yake. Wewe hulisikia redioni, hulisikia ndani ya matatu zipitazo Barabara ya Mombasa, hulisikia arusini wazee wanapoinuka viti vyao kucheza. Neno hilo ni zilizopendwa. Twaliita hivyo kundi kubwa la nyimbo za gitaa zilizotoka Nairobi tangu siku za baba wa baba zetu, na twadhani kwamba kwa kuziita hivyo tumeziheshimu. Mimi nasema kwamba tumezizika, na pamoja nazo tumewazika watu waliozitengeneza.

Hebu tulipasue neno hili kama tufanyavyo darasani. Zi- ni nyimbo. -li- ni alama ya wakati uliopita. -zo- yarejea nyimbo zile zile. -pend- ni mzizi, nao ni mzizi mwema. -w- ni alama ya kauli ya kutendwa, na -a ni kiishio. Sasa tazama kazi ya kila kiungo. -li- yatuambia kwamba mapenzi yamekwisha, ingawa jana tu ulimwona dereva akitikisa kichwa kwa wimbo wenye umri mara mbili ya umri wake. -w- yatuambia kwamba wako waliopenda, lakini yawaficha wasionekane. Na mtungaji je? Mpigaji je? Hao hawamo kabisa. Neno lina kitu kilichopendwa, lina kupendwa, lakini halina mkono uliokifanya kitu hicho. Ni kama kuisifu nyumba kwamba ilikaliwa, bila kukumbuka kwamba palikuwa na mwashi.

Utasema kwamba nachokoza jambo dogo. Nisikilize kwanza. Siku moja niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Syokimau kipande cha karatasi kila mmoja, nikawataka wakigawe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto waandike nyimbo tano za kale wanazozijua. Upande wa kulia waandike mtu aliyetunga, aliyeimba au aliyepiga chombo katika kila wimbo. Upande wa kushoto ulijaa upesi. Upande wa kulia ulibaki mweupe kama ukuta mpya. Wawili waliandika jina la Miriam Makeba mbele ya Malaika, kana kwamba wimbo huo ulizaliwa Afrika ya Kusini. Mmoja aliandika Boney M. Na kijana mmoja, ambaye hujifunza gitaa la besi kanisani kwao, hakuwa na jina hata moja la Nairobi, lakini chini kabisa aliandika bila kuulizwa: James Jamerson, Detroit.

Sikumkemea kijana yule. Jina aliloliandika ni jina la heshima, na kisa chake ni kioo chetu. Detroit ni mji wa Marekani uliopata sifa kwa viwanda vya motokaa. Mwaka wa 1959 Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha motokaa, alikopa dola 800 kwa jamaa zake akaanzisha kampuni ya santuri iliyokuja kuitwa Motown. Studio yake ilikuwa katika nyumba ya kawaida ya kuishi watu. Humo zilitoka sauti za Smokey Robinson, Stevie Wonder, Marvin Gaye, Supremes na Temptations, na muziki wa soul wa mji huo ukaenea dunia nzima. Waimbaji walibadilika kutoka santuri hata santuri, lakini nyuma yao walikaa wapigaji wale wale walioitwa Funk Brothers: Jamerson kwenye besi, Benny Benjamin kwenye ngoma, Earl Van Dyke kwenye kinanda, na wenzao. Sauti ambayo ulimwengu uliita sauti ya Detroit ilikuwa sauti ya mikono yao.

Lakini kwa miaka mingi majina yao hayakuchapwa juu ya majalada. Ilipofika mwaka wa 1971, katika santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ndipo majina yao yalipotajwa. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles, na kundi likatawanyika. Jamerson alikufa mwaka wa 1983, na walioimba nyimbo zake kwa mdomo walikuwa wengi mno kuliko waliomjua kwa jina. Jina lake lilifikaje basi kwenye karatasi ya kijana wa Syokimau? Lilifika kwa sababu mtu mmoja, Allan Slutsky, alikataa lisipotee. Aliwatafuta waliomjua, akaandika kitabu juu yake mwaka wa 1989, na mwaka wa 2002 ikafuata filamu juu ya kundi zima. Jina halikujihifadhi lenyewe. Lilihifadhiwa kwa jasho la mtu aliyekwenda kuuliza.

Sasa turudi nyumbani. Je, Nairobi haina sauti yake? Inayo, nawe waijua kabla hujaambiwa. Ni magitaa mawili yaliyo makavu na safi, moja likisema na jingine likijibu. Ni sauti mbili za waimbaji zinazokwenda bega kwa bega. Ni Kiswahili cha mjini, chepesi, kinachosimulia mambo ya mishahara, ya wapangaji, ya mabibi arusi na ya safari za kurudi kwetu. Sauti hii haikushuka kama mvua. Ina watu.

Yuko Fundi Konde wa Pwani, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha kuwaburudisha askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Asia, akarudi akawa mmoja wa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika nchi hii. Wako Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo waliotoka Katanga wakaishi Nairobi kwa muda, wakawafundisha vijana wa mji jinsi kidole gumba kinavyoweza kupiga besi huku kidole cha shahada kikiimba. Yuko Fadhili William wa Taita, aliyerekodi Malaika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yuko Daudi Kabaka, mwimbaji wa Harambee Harambee na Msichana wa Elimu, ambaye wimbo wake Helule Helule uliimbwa upya mwaka wa 1968 na kundi la Kiingereza, Tremeloes, ukapanda katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Wako Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliokuja kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakaleta mwendo wa kusini uliokubaliana na twisti ya Nairobi. Wengi wa hao walikutana katika kundi moja, Equator Sound, ambalo lilikuwa kwa Nairobi kama Funk Brothers walivyokuwa kwa Detroit: wapigaji wa studio moja, wakibadilishana kuwa mbele na kuwa nyuma.

Kutoka kundi hilo hilo yuko Gabriel Omolo, ambaye katika miaka ya 1970 alitoa Lunch Time, wimbo wa mfanyakazi wa mji ambaye saa ya chakula imefika na chakula hakina. Ukitaka kujua maisha ya karani mdogo wa Nairobi wa siku hizo, wimbo huo utakufundisha kwa dakika chache jambo ambalo kitabu cha historia hulipita upesi. Wako ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Kinyonga, walioanzisha Simba Wanyika. Kundi lao lilipogawanyika mwaka wa 1978 likazaliwa Les Wanyika, na humo Sina Makosa. Kila mtu aliimba wimbo huo. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba gitaa la rithimu lilikuwa la Omar Shabani, sauti ilikuwa ya John Ngereza, ngoma zilikuwa za Rashid Juma, na besi ile, ambayo kijana wangu wa kanisani huijaribu kila Jumamosi, ilikuwa ya Tom Malanga? Kijana yule alikuwa na Jamerson wake hapa hapa mjini, wala hakuwa na mtu wa kumwambia.

Na sisi wa Machakos hatuna udhuru wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Nairobi. Mlima Kilimambogo umo katika kaunti yetu, na kwa jina lake Kakai Kilonzo aliliita kundi lake Kilimambogo Brothers. Aliichukua benga, ambayo asili yake ni kwa Waluo, akaipa mwendo na lugha ya Ukambani, kisha akaimba kwa Kiswahili ili nchi nzima imsikie. Alikufa mwaka wa 1987, angali kijana. Waulize wanafunzi kumi wa kaunti hii jina lake, uone watakaolijua ni wangapi.

Najua majibu ya wapinzani wangu, nami sitayakimbia.

Wa kwanza husema: Muziki wa dansi ni anasa, na shule si mahali pa anasa. Jibu langu ni hili. Anasa ya msikilizaji ni kazi ya mpigaji. Kuingia studio, kupiga wimbo mzima bila kosa kwa sababu kosa la mmoja huharibu kazi ya wote, kulipwa kidogo na kurudi kesho, hiyo si anasa. Tunawafundisha vijana kuheshimu kazi ya seremala na ya mkulima. Kwa nini kazi ya mikono ikigusa nyuzi badala ya jembe isiwe kazi?

Wa pili husema: Watu uliowataja wengi wao si wa Nairobi. Kabaka alizaliwa Uganda, Pichen alitoka Zambia, Kinyonga alitoka Tanga, na D. O. Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga, alizaliwa Shirati katika Tanzania. Ni kweli, nami nawashukuru kwa kunikumbusha. Lakini hii si aibu ya sauti ya Nairobi. Hii ndiyo sauti ya Nairobi. Mji hautengenezwi na waliozaliwa ndani yake tu, bali na waliokuja na kubaki. Tazama majirani zako hapa Syokimau: mmoja ametoka Mwingi, mwingine Kisii, mwingine Nyeri, mwingine Mombasa, na asubuhi wote hupanda gari la moshi moja. Atakayewafukuza wageni katika muziki wa Nairobi atabaki na ukimya.

Wa tatu husema: Serikali ndiyo yenye kosa, na itoe amri. Amri ilitolewa. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Amri ile haikudumu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 nayo ilikuja na mema yake, lakini iliweka kwamba haki ya mtungaji hulindwa hadi miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki ya rekodi hulindwa miaka 50 tangu iliporekodiwa. Piga hesabu wewe mwenyewe: rekodi ya mwaka wa 1963 ilimaliza miaka yake mwaka wa 2013. Silaumu sheria, maana kila sheria huhitaji mpaka. Nasema tu kwamba sheria ina tarehe ya mwisho, na shukrani haipaswi kuwa nayo. Amri yaweza kumlazimisha mtangazaji kupiga santuri. Haiwezi kumlazimisha msikilizaji kuuliza ni nani aliyeipiga.

Wa nne, naye ndiye hodari kuliko wote, husema: Wimbo ukiisha kupendwa na wote huwa wa wote, jina la mtungaji lina faida gani? Huyu namjibu kwa Malaika. Fadhili William alijulikana kwa wimbo huo maisha yake yote, lakini wako wanaosema kwamba ulitungwa na Adam Salim, na wengine hutaja watu wengine tena. Sikusudii kukata kesi hiyo hapa. Natazama tu jinsi ilivyozaliwa. Wimbo ulipita mikononi mwa watu kabla ya jina kuandikwa mahali palipo imara, ukapanda ndege, Makeba na Harry Belafonte wakauweka katika santuri yao ya mwaka wa 1965, Boney M wakauimba mwaka wa 1981, ukazunguka dunia na kurudi kwetu, na nyumbani watu wakawa bado wanabishana baba yake ni nani. Huo ndio mwisho wa wimbo ulio wa wote: kila mtu huula, na aliyeulima hana hati. Anayesema kwamba jina halina faida aghalabu ni mtu ambaye jina lake halijaibwa.

Tena kumbuka kwamba wakati hautungoji. Fundi Konde alikufa mwaka wa 2000. Mwaka wa 2001 ulimchukua Fadhili William, na kabla haujaisha ukamchukua Daudi Kabaka. Hao walikuwa na majina, magazeti yaliandika. Lakini nyuma ya kila mwenye jina walikuwako watatu au wanne wasio nalo: mpiga ngoma, mpiga besi, msichana aliyeitikia kiitikio. Wao huondoka kimya, na kila aondokaye huondoka na jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Pengine utasema kwamba majina ni mengi mno, na kwamba kumbukumbu ya watu ni fupi. Basi tazama jina la mahali unapoishi. Mji huu unaitwa kwa jina la mwanamke wa Kikamba. Wazee husimulia kwamba kabla ya reli kuonekana, Syokimau alisema atakuja nyoka mrefu, atemaye moto na moshi, kutoka upande wa bahari. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Mwanamke yule hakuacha kitabu. Hakuwa na kampuni wala sheria ya hakimiliki. Hata hivyo, kituo cha gari la moshi kilipofunguliwa hapa mwaka wa 2012, jina lililopakwa ukutani lilikuwa lake. Limefikaje pale? Ni kwa sababu waliokumbuka maneno walimkumbuka pia msemaji. Wazee wa Ukambani hawakusema tu "yaliyotabiriwa" wakanyamaza. Walisema: Syokimau alitabiri. Hiyo ni kauli ya kutenda, msomaji, na tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo hoja yangu yote.

Kwa hiyo sikuombi uziache nyimbo mpya uzipendazo, wala sikuombi uache kumsikiliza Marvin Gaye au Stevie Wonder. Wapende wote; sikio halijai. Nakuomba ufanye zoezi la sarufi nje ya darasa. Kila usikiapo wimbo wa kale, usiridhike kwamba ulipendwa. Ugeuze uwe katika kauli ya kutenda: ni nani aliyetunga? Ni nani aliyepiga gitaa lile la pili? Wapigaji walikuwa wanatoka wapi, nao walilipwa nini? Tazama karatasi iliyo katikati ya santuri kama babu yako bado anayo, na unakili kila neno, hata jina la fundi wa mitambo. Pale karatasi inaponyamaza, muulize babu. Andika jibu lake na tarehe ya siku hiyo.

Karatasi za wanafunzi wangu niliwarudishia bila kuzisahihisha, nikawapa wiki mbili za kuujaza upande wa kulia. Wengi walirudi na majina niliyoyajua. Msichana mmoja alirudi na jina nisilolijua mimi. Ni jina la jirani yao, mzee anayeuza miche ya miti kando ya barabara, ambaye ujanani alipiga gitaa la rithimu katika santuri mbili za Nairobi. Jina lake halikuandikwa juu ya santuri yoyote. Msichana alimwuliza kwa nini kwa miaka yote ile ya ujirani hakuwahi kusema.

Mzee alimjibu kwamba hakuwa ameulizwa.